Damu ya Bi Rukia Hutolewa Asubuhi

Vijana wangu wa maabara, siku mliyoniaga nikistaafu, kila aliyesimama kusema aliusifu mkono wangu mwepesi. Nikanyamaza, nikala keki yenu, nikapokea leso zenu, lakini moyoni nikasema: laiti mngeuona mkono huu siku yake ya kwanza. Ulitetemeka mpaka nikamwaga spiriti mezani. Basi kwa kuwa mmenitaka niwaandikie ya kazini, nitaanzia hapo. Habari za vyeo na mshahara sitazitia. Vyeo vyenyewe vilikuwa vichache, na anayetaka kuujua mshahara wangu na apite Junda aitazame nyumba yangu. Bati la mbele bado linavuja.

Mimi ni mzaliwa wa Likoni, na kazi niliianza upande wa Kisauni, katika maabara ya hospitali ambayo siku hizo ilikuwa chumba kimoja na sinki. Msimamizi alikuwa Bi Rukia. Wengi wenu mmemkuta mzee wa kuvutiwa kiti. Mimi nilimkuta na nguvu zake, mwanamke mfupi wa ukoo wa Mombasa ya zamani, Kimvita chake hakijachanganyika na kitu, na akikukazia macho hujui ukae au ukimbie.

"Shikamoo, Bi Rukia."

"Marahaba. Weye ndiye Mwanamisi? Ndoo ukae hapa."

Nikakaa. Akanifunga mpira juu ya kiwiko, akanipa sindano mkononi. "Haya, jitoe damu."

Nikamtazama.

"Usinitazame mimi, tazama mshipa. Hapa hatii mtu sindano asiyeujua utungu wake."

Nilijichoma nikakosa, nikajichoma tena nikakosa. Damu ilipokuja, na machozi yalikuja nayo. Bi Rukia hakunipa pole. Alichukua tone la damu yangu, akalitandaza juu ya kioo kwa pigo moja la mkono, akalikausha, akalitia rangi, akanikalisha mbele ya hadubini. "Fungua mato, mwanangu. Hayo ndiyo mambo yako ya ndani." Nikaziona chembe zangu nyekundu zimetawanyika, na hapa na pale chembe nyeupe yenye kiini cha zambarau. Nilikuwa na hasira naye tangu asubuhi, na wallahi nilimpenda hapo hapo.

Kutandaza damu kulinichukua mwaka mzima nikamridhisha. Nzito mno, alisema, hii ni damu au ni rojo. Nyepesi mno, hii umempaka nani. Ile rangi ya zambarau ilikaa vidoleni mwangu kiasi kwamba nilipoolewa, somo yangu, yule aliyenifunda, alilalamika hina haikolei, akataka kujua hiyo maabara inanipika au inanilisha. Lakini kufikia hapo nilikuwa nikiitwa "Mwanamisi!" kutoka chumba cha mbele nikiitika "Abee!" huku kioo ki tayari mkononi.

Kuna kesi moja lazima niwaambie, kwa kuwa ndiyo inayoyafunga yote yaliyofuata. Alikuja mpagazi wa bandarini, mtu wa Changamwe, kijana mwenye kifua kama mlango. Alilalamika homa na uchovu, akadhani ni malaria. Nilikitia kioo chake chini ya hadubini nikaona chembe nyeupe changa, kubwa kubwa, zimejaa kila mahali, zimezisukuma nyekundu pembeni. Nikamwita Bi Rukia. Akatazama muda mrefu. Ilikuwa saratani ya damu, ile ambayo madaktari huiita lukemia, na ilikuwa imeshamaliza kuingia. Yule kijana hakufika mwezi wa pili. Siku tuliyopata habari, Bi Rukia alivua miwani akaipangusa kwa ncha ya buibui, akasema, "Hadubini haidanganyi, lakini huja baada ya mwizi." Hakula siku ile. Nami sikula.

Miaka ikaenda. Bi Rukia akastaafu akahamia Utange kwa bintiye, nami nikairithi hadubini yake na kiti chake kilichopinda. Kisha akaja Daktari Nekesa.

Nekesa mnamjua, ni bosi wenu. Alitoka bara, msichana mrefu mwenye haraka, Kiswahili chake kikinikwaruza masikio. "Zile damu zenye zilitoka Miritini," alikuwa akisema, nami nikimwambia, daktari, zilizotoka, zi-li-zo-toka, naye akicheka na kuendelea vile vile. Lakini alikuja na jambo ambalo mimi na Bi Rukia tulilitamani tangu zamani. Alitaka kumjua mwizi kabla hajaingia.

Nilipewa kazi ya kuwaeleza watu, kwa hiyo nitawaeleza na nyinyi kama nilivyowaeleza wao. Kila chembe ya mwili wako ina kitabu kizima cha mapishi, na kitabu ni kile kile, cha ini, cha ngozi, cha damu. Tofauti ni nini kimeinjikwa mekoni sasa hivi. Jeni ndizo hayo mapishi. Nekesa hakutaka kusoma kitabu, alitaka kuchungulia jikoni: jeni gani inafanya kazi, gani imezimwa, gani imezidisha moto. Ukichungulia mara moja hujui kitu, labda leo wana mgeni. Lakini ukichungulia jiko lile lile kila baada ya miezi mitatu, mwaka baada ya mwaka, ukaona vyungu vinabadilika kidogo kidogo kuelekea upande mmoja, basi unaweza kusema nyumba hii inaelekea kwenye lukemia, hata kama mwenye nyumba anacheza chakacha. Kompyuta iliyageuza mabadiliko hayo kuwa mstari. Mstari uliolala ni heri. Mstari unaopanda ni wa kutazamwa.

Tuliwafuata watu ambao damu yao ilikuwa chini kwa muda mrefu bila sababu kujulikana, maana kwa wachache wao hali hiyo huishia pabaya. Wa kwanza kujiandikisha alikuwa Bi Rukia. Chembe zake zilikuwa chache tangu kabla hajastaafu, naye alikuwa akijitibu kwa mchicha na ukaidi. "Nipimeni," alisema. "Na mkiona kitu niambieni. Nisifitwe kama mwari."

Kazi ile ilikuwa na adabu zake. Chupa zetu zilikuwa na dawa ndani, ikigusa damu tu, jiko linasimama kama lilivyo, hakuna chungu kinachoongezwa wala kuepuliwa. Lakini lazima uigeuze chupa juu chini, taratibu, mara kadhaa, usiitikise. Anayetikisa anavunja chembe na kazi ya miezi mitatu. Kisha barafu papo hapo. Damu za Likoni zilivuka na feri ndani ya sanduku jeupe la barafu, na sikumbuki safari moja ambayo hakutokea mtu kumuuliza dereva wetu Kazungu samaki ni bei gani. Kazungu alikuwa akijibu, "Changu wameisha." Na kila mtu alitolewa damu asubuhi, kabla ya kazi. Hilo tuliliona ni la urahisi tu, kumbe ndilo nguzo.

Ukafika mwezi wa Ramadhani, na zamu ya Kisauni ikaangukia humo. Watu wakaja kwa heshima zao zote. Sheikh amesema kutoa damu hakufunguzi, lakini kukikudhoofisha ni karaha, na sisi tumeshadhoofika, Bi Mwanamisi, kwa nini tusije baada ya futari? Nani angekataa? Mimi mwenyewe nilikuwa nimefunga na mkono wangu wa saumu haukuwa wa kuaminiwa na sindano. Nekesa akasema ni sawa, heshima kwa watu ni sehemu ya kazi. Tukahamia jioni. Wakaja wameoga, wamejifukiza udi, wameshiba, na mishipa yao imejaa maji. Haijapata kutokea zamu nzuri kama ile. Tulitoa damu tukicheka, na wengine walituletea kaimati za shira kwenye sahani zilizofunikwa.

Matokeo yalipotoka, Nekesa aliniita ofisini akafunga mlango. Mistari ya watu kadhaa, iliyolala miaka yote, ilikuwa imeruka juu kwa mkupuo.

"Hawa wote ni wa Kisauni," alisema. "Changamwe hakuna hata mmoja. Likoni hakuna. Kuna nini huku kwenu, Bi Mwanamisi? Ni maji? Hivi visima vya Utange, kuna kiwanda karibu?"

Nikaitazama orodha. Niliwajua kila mmoja, nilijua mshipa wake uko wapi. Na katikati yao lilikuwa jina la Bi Rukia. Nikavuta kiti, nikakaa bila kukaribishwa.

Kwa siku kadhaa Nekesa alizunguka na vichupa akichota maji ya visima, uso umemshuka. Alikuwa akijiuliza atawaambiaje watu wale kwamba huenda lukemia inawajia, na akinyamaza atalalaje. Nikamwonea huruma. Nikamwambia, daktari, leo uje ufuturu kwangu, ukikonda utatutia aibu.

Akaja Junda. Nikamtandikia mkeka, nikamwekea tambi, mbaazi na mahamri, kaimati, viazi vya karai na maji ya ukwaju. Alikula kama mtu anayelipwa. Nje mtaa ulikuwa umeamka: watoto wanacheza, mabaraza yamejaa, wauza mishikaki wanapepea makaa.

"Hawa watoto wanalala saa ngapi?" akauliza.

"Baada ya daku."

"Na nyinyi wakubwa?"

"Sisi tunalala mchana, ofisini kwako."

Akacheka. Kisha kicheko kikakatika, akaiweka kaimati chini. "Bi Mwanamisi," alisema polepole, "chembe za damu zina saa yake. Mtu akila usiku na kulala mchana, saa inageuka. Na sisi tukawatoa damu jioni, wameshiba. Tumechungulia jiko la futari, tukalilinganisha na jiko la asubuhi."

Tulitazamana, tukaangua kicheko mpaka mume wangu akaja kuuliza kuna nini. Wataalamu wa mashine za mamilioni tumetishwa na kaimati. Nilicheka mpaka nikalia, na nilipolia nilijua nalilia nini. Bi Rukia alikuwa mzima.

Wapo ofisini waliosema zile damu za Ramadhani zitupwe tu, tuendelee na zamu nyingine. Nekesa alikataa. Alisema sababu nzuri si ushahidi. Watolewe tena, wote, asubuhi. Tukangoja Idi ipite, tukangoja na wafungao siku sita za sunna wamalize, maana bibi zetu hawaachi sita kwa ajili ya sayansi, kisha tukawaita. Bi Rukia alikuja akicheka kuliko wote. Habari zilishamfika, akanisalimu kwa "Hujambo, mpima futari?"

Matokeo yakaja. Mistari ilikuwa imerudi chini, mmoja baada ya mwingine, kama tulivyotarajia. Nekesa alikuwa akinionyesha kwenye kompyuta, na alipofika mahali fulani akasita. Mstari wa Bi Rukia haukurudi. Ulikuwa umepanda zaidi.

Tulikwenda Utange pamoja. Alikuwa barazani akichambua mtele. Nekesa alimweleza kwa adabu na kwa ukamilifu: damu ya asubuhi, futari haimo, mstari unapanda, sasa inatakiwa achomwe sindano ya nyonga ichukuliwe damu ya ndani ya mfupa, kwa maana huko ndiko lukemia inakoanzia. Bi Rukia alisikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akamwita bintiye alete chai. Kisha akanigeukia mimi. "Kesho nakuja maabara. Nataka kioo."

Akaja kesho yake. Nikamtoa damu, nikaitandaza mara mbili kama mwanafunzi. Akakaa kwenye kiti chake cha zamani akatazama. Alisogeza kioo mstari kwa mstari kama alivyonifundisha, hakuruka mahali. Nilisimama nyuma yake nikiomba aone na nikiomba asione.

"Tazama weye," alisema.

Nikatazama. Kioo kilikuwa safi. Chembe chache, ndiyo, lakini hapakuwa na changa hata moja.

"Haya, nionyeshe huyo mwizi."

"Hayupo, Bi Rukia. Bado."

"Bado," alisema, akiokota mkoba wake. "Miaka yote nilikufundisha kuandika unachokiona. Leo waniambia nitobolewe nyonga kwa ajili ya kitu ambacho hata weye hukioni. Mimi nala, nalala, naswali kwa kusimama. Niwacheni."

Akaondoka. Nekesa alisema hatuwezi kumlazimisha, na kweli hatuwezi. Lakini nawaambia nyinyi vijana, sikuwahi kuwa na hofu kazini kama ile. Nilikuwa nimeiona lukemia ikija baada ya kuchelewa, na sasa nilikuwa naiona ikija mapema, kwa mtu niliyempenda kama mamangu, naye amenifungia mlango. Nilimkasirikia. Niliukasirikia hata uhodari wake.

Nikavumilia mpaka Ijumaa, kisha nikaenda peke yangu. Sikuchukua gari la kazi. Nilitaka asione mradi, anione mimi. Nilipofika jasho linanitoka, alinitazama akasema, "Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Namkumbuka yule mpagazi wa Changamwe."

Alimkumbuka, niliona usoni.

"Lau ungaliambiwa mwaka mmoja kabla," nikasema, "kwamba kijana yule anajiwa, na kioo chake bado kisafi, ungalifanya nini?"

"Ningalimfuata kwa miguu."

"Basi nami nimekuja kwa miguu, Bi Rukia."

Alipangusa macho kwa leso, akaita ndani, "Mletee mwenzangu maji." Kisha akaniambia, kwa sauti ya chini kuliko niliyowahi kuisikia kwake, "Naogopa, Mwanamisi." Nikamwambia hata mimi. Tukalia kidogo, kila mmoja akijifanya haoni mwenzake. Kabla sijaondoka aliniuliza hiyo sindano ya nyonga ina urefu gani, nikamwonyesha kwa kidole, nikapunguza kidogo.

Akaja akachomwa, na ilikuwa kweli. Ndani ya mfupa chembe changa zilishaanza kuongezeka, wakati damu ya mkononi bado inaonekana safi. Daktari wa saratani alisema tumemwahi. Hakusema amepona, na nyinyi msilichanganye neno hilo na lile. Akaanzishiwa dawa. Alitapika, akakonda, akautukana uji wa kila aliyempikia, wangu ukiwemo. Lakini mstari ulianza kushuka. Bado haujafika ulipokuwa zamani, na Nekesa hawezi kuniahidi kwamba utafika, nami nimeacha kumuuliza. Bi Rukia bado anaswali. Siku hizi anakaa.

Sasa niwape jambo lililonifanya nikubali kuandika. Siku ya kuniaga hamkuniuliza, na keki haikunipa nafasi. Alhamisi hii Bi Rukia anakuja kutolewa damu, na mara hii si mkono wangu. Mstari ule haumjui Mwanamisi. Chupa moja ikiharibika, ni miezi mitatu tusiyoijua, na yeye miezi mitatu ni mali.

Awe amefika kabla ya saa mbili asubuhi, na asingojeshwe. Mwamkieni kwanza, kisha ndipo mshike vifaa. Mkono wa kulia mishipa imechoka kwa dawa, uacheni. Wa kushoto upo mmoja, chini kidogo ya kiwiko, hauonekani, unapapaswa. Msimwambie haiumi. Igeuzeni chupa taratibu, itieni barafuni hapo hapo. Akiwakosoa, itikeni abee, anakosoa kwa haki. Na matokeo yakitoka, yawe yoyote, msinipigie mimi kwanza kwa kunionea huruma. Mpigieni yeye. Mimi nitakuwa nimekaa ubavuni mwake.